Mbwa wawili, sufuria moja: mmoja kavimba, mwingine mbavu nje. Nitajuaje uzito sahihi?

MwanaGungu (Kigoma)

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba msaada wa wanaojua mbwa, si wanaokisia.

Nina mbwa wawili hapa Gungu. Dume ni mchanganyiko wa kienyeji na German Shepherd, miaka minne hivi, amehasiwa, kilo 21. Jike ni wa kienyeji mtupu, kilo 12, watoto wake wameacha kunyonya wiki mbili zilizopita. Wote nimewapima kwa kuwabeba juu ya mzani wa duka la dawa. Chakula ni kimoja: ugali uliobaki, mara wa muhogo mara wa mahindi, vichwa vya migebuka, na mawese juu ili wasisusie. Wanakula sufuria moja, jioni.

Majirani wanasema dume "kapendeza" na jike "anateswa". Bwana mifugo aliyepita kuchanja kichaa cha mbwa kasema dume ndiye wa kushughulikiwa zaidi. Majedwali ya kilo yapo mengi, kila aina ya mbwa na kilo zake, ila la mbwa wa Kigoma sijaliona. Sasa nani mkweli, na napimaje mwenyewe?

Kibirizi_77

Mkuu usihangaike. Mbwa wa ulinzi hatakiwi kushiba, akishiba analala. Mbavu za jike zikionekana ndiyo mbwa mwenyewe huyo. Mnene ndiye punguza, apewe siku moja aruke siku moja.

MifugoIsevya (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Hoja ya Kibirizi nitairudia, kwanza nimjibu mwenye swali.

Majedwali achana nayo. Yanamsaidia kidogo mwenye German Shepherd au Labrador halisi, na hata hapo ni kukadiria, maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kupishana kilo nne na wote wakawa sawa. Mbwa wetu ni mchanganyiko juu ya mchanganyiko: huyu ana mifupa ya swala, yule ana kifua cha pipa. Kilo zinakwambia amebadilika kiasi gani tangu ulipompima mara ya mwisho. Kama leo yuko sawa au hayuko, hilo utaambiwa na vidole vyako.

Waganga wa mifugo wanatumia alama 1 mpaka 9. Alama 1 ni mifupa mitupu, 9 ni gunia lililoshindiliwa, na afya iko 4 na 5. Kila alama moja juu ya 5 huhesabiwa kama ziada ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito unaomfaa. Iweke akilini, utaihitaji kwenye hesabu.

Mpime akiwa amesimama kwa miguu yote minne kwenye sakafu. Akikaa au akijikunja, ngozi inajikusanya ubavuni na utasoma mafuta yasiyokuwepo. Asiwe ametoka kula. Simama nyuma yake, vidole gumba viwili vilale juu ya uti wa mgongo, viganja vitandae mbavuni, kisha telezesha mbele na nyuma kama unayepangusa vumbi mezani. Usikandamize. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: ukisukuma kwa nguvu, hata mbwa wa alama 8 utazifikia mbavu zake na utajiridhisha kwamba yuko sawa.

Ili ujue ulichogusa kina maana gani, linganisha na mkono wako mwenyewe. Kunja ngumi ya kushoto, pitisha vidole vya kulia juu ya vifundo vya ngumi. Mfupa uko juu juu, na kati ya kifundo na kifundo kuna bonde. Mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Fungua ngumi, nyoosha mkono, pitisha vidole juu ya mgongo wa kiganja. Kila mfupa unauhisi bila kuutafuta, ila kuna utando mwembamba juu yake. Hapo ndipo anapotakiwa awe. Sasa geuza mkono, pitisha vidole kwenye kile kinofu kilicho chini ya vidole vinne. Mfupa unajua upo, lakini mpaka uusake. Hapo amezidi.

Baada ya mbavu, mtazame kwa juu. Nyuma ya mbavu za mwisho, kabla ya nyonga, mwili unatakiwa uingie ndani pande zote mbili, kiuno kionekane. Ukiwa mstari mmoja kutoka bega hadi nyonga, amezidi. Ukitanuka pale kwenye kiuno, amezidi sana. Kisha chuchumaa ubavuni, macho yako yawe usawa wa tumbo lake. Mstari wa tumbo unatakiwa upande kutoka mwisho wa kifua kwenda kwenye mapaja. Kuna mbwa wenye ngozi inayoning'inia kati ya mapaja na kuwadanganya watu. Ishike kwa vidole viwili: ikiwa nyembamba kama sikio, ni ngozi tu, ikiwa nene na laini kama mkate, ni mafuta. Malizia kwenye shina la mkia. Mafuta yanapenda kujikusanya pale, mfupa unapotea, na ukibonyeza kidole kinazama.

Kuhusu mbavu kuonekana kwa macho: mbwa wa kienyeji ana manyoya mafupi na ngozi nyembamba. Mbavu moja au mbili za mwisho zikionekana anapogeuka au anapokimbia, si kosa. Zikionekana zote akiwa amesimama, na nyonga zimechongoka, na uti wa mgongo una meno kama msumeno, hiyo si "kienyeji", huyo amekonda. Mwenye manyoya marefu macho hayasaidii kabisa, ni kugusa, au umwogeshe umtazame akiwa ameloa.

Misuli inasomwa peke yake. Pitisha mkono pande mbili za uti wa mgongo, juu ya mfupa wa bega, na kwenye panja za kichwa. Mbwa anaweza kuwa na tumbo la mafuta huku misuli ya mgongo imeliwa, hasa akizidi miaka minane au akiishi kwa ugali mtupu. Huyo majirani watasema amenenepa, na kilo zitakwambia yuko sawa. Mkono peke yake ndio utakaokwambia ukweli.

Lete majibu: mbavu za kila mmoja zinafanana na sehemu ipi ya mkono, kiuno kipo au hakipo, misuli ya mgongo ikoje.

FundiMizani_Ujiji

Kabla ya hesabu, kilo 21 na 12 zihakikishwe. Mzani wa kusimama wa mshale unaweza kupotea nusu kilo hadi kilo nzima, na kila kosa linaingia mara mbili, maana unapima wewe na mbwa, halafu wewe peke yako, unatoa. Kwa mbwa wa kilo 17, kosa la kilo moja ni asilimia 6 hivi. Kwa mtoto wa kilo 3 ni theluthi, yaani hujapima kitu.

Mzani ukae juu ya saruji. Mkeka, zulia na udongo vinaupotosha. Pima mara tatu, chukua namba ya katikati. Pima asubuhi kabla hajala, akishatoka kujisaidia. Mbwa akinywa nusu lita ya maji ameongeza nusu kilo hapo hapo, na kesho utasema amenenepa. Mara zote mzani uwe huo huo, na wewe uvae nguo zile zile.

Njia nzuri zaidi huku kwetu ni mzani wa saa wa kuning'iniza, ule wa wauza samaki na wa mazao. Kunja kanga mara mbili, ipitishe chini ya kifua na tumbo, kusanya ncha juu ya mgongo, funga fundo, ning'iniza. Kabla ya yote ning'iniza kanga peke yake urudishe mshale kwenye sifuri. Mwinue kiasi cha upana wa kiganja tu kutoka chini, mtu mwingine ashike kichwa, msome akitulia. Usimning'inize kwa mkanda wa shingo hata kwa sekunde moja. Watoto wadogo waingize kwenye ndoo, mzani wa jikoni unatosha.

Kama mzani hupati kila wiki, tumia futi ya fundi cherehani. Zungusha nyuma ya miguu ya mbele, kisha zungusha kiunoni mbele ya miguu ya nyuma, andika sentimita. Futi iguse manyoya isizame ndani. Kiuno kinapungua kabla hujaona tofauti kwenye kilo.

MwanaGungu

Asanteni sana. Nimepima tena kwa mzani wa saa: dume 21.2, jike 12.1.

Dume: mbavu ni kile kinofu cha chini ya vidole, lazima nizisake. Kwa juu kiuno ni kama hakipo, ni mstari. Shina la mkia kidole kinazama. Misuli ya mgongo ipo. Jike: mbavu ni ngumi kabisa, nyonga zimetokeza, uti wa mgongo nauhesabu. Kiuno kimeingia sana. Fizi zake naona zimepauka ukilinganisha na za dume.

MifugoIsevya (Tabora)

Dume wako ni alama 7. Jike ni 3. Bwana mifugo alikuwa sahihi kuhusu dume, ila kwa fizi hizo, wa kupelekwa kwa mganga kwanza ni jike. Nitamwachia BiKaliua wa humu jukwaani sehemu hiyo, yeye anaijua vizuri kuliko mimi.

Dume kwanza. Alama 7 ni ziada ya asilimia 20 hadi 30. Gawa 21 kwa 1.2 unapata 17.5. Gawa kwa 1.3 unapata 16.2. Weka lengo kilo 17.

Chakula cha kupunguza uzito huhesabiwa kwa kilo za lengo. Ukihesabu kwa kilo alizonazo unalisha na mafuta pia. Kanuni ni 70 mara uzito wa kilo uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75. Isikutishe, kikokotoo cha simu kinatosha: 17 × 17 × 17 ni 4913. Bonyeza kipeuo cha pili, inatoka 70.09. Bonyeza kipeuo cha pili tena, inatoka 8.37. Zidisha kwa 70: kilokalori 586 kwa siku. Simu yako isipoonyesha alama ya kipeuo, ilaze, itajitokeza.

Hiyo 586 ni ya mbwa anayepungua. Mbwa aliyehasiwa aliye sawa huhitaji kama mara 1.6 ya hiyo, asiyehasiwa mara 1.8. Kuhasi kunashusha mahitaji ilhali hamu ya kula inabaki ile ile au inapanda, ndiyo maana madume mengi huvimba ndani ya mwaka mmoja baada ya kuhasiwa huku mwenye nyumba anaapa hajaongeza chakula. Kweli hajaongeza. Alitakiwa apunguze.

Sasa geukia sufuria yako. Mawese ni mafuta matupu: kijiko kikubwa kimoja, gramu 14 hivi, ni karibu kilokalori 120. Hiyo ni moja ya tano ya siku nzima ya dume wako kwenye kijiko kimoja, na najua mkono wa Kigoma kwenye mawese haujui kijiko kimoja. Yatoe yote kwenye chakula cha dume. Atasusa siku moja au mbili. Mbwa mzima wa alama 7 akisusa siku moja hapati madhara, usimhurumie kwa kumrudishia.

Mfano wa siku: unga wa dona gramu 90, upimwe ukiwa mkavu kabla ya kusonga, ni kilokalori 320 hivi. Dagaa wakavu gramu 70, kama 230. Jumla 550, na nafasi iliyobaki jazia mchicha au matembele yaliyochemshwa, yampe tumbo la kushiba. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Dagaa waoshe kwenye maji mawili matatu kutoa mchanga, na chumvi kama walikaushwa kwa chumvi, kisha wachemshe. Usiwachague vichwa, mifupa yao ndiyo kalisi yake. Mara moja au mbili kwa wiki badilisha sehemu ya dagaa kwa kipande cha ini, gramu 30 hivi. Chakula hiki ni cha kumpunguza kwa miezi michache. Kama utaendelea nacho mwaka mzima, mganga wa mifugo akuongezee madini na vitamini, maana unga na dagaa pekee haviyatoshelezi yote.

Ugali wa muhogo kwa mbwa ni wa kushibisha tu. Unga wa muhogo una protini asilimia moja hadi mbili, wa mahindi unafika nane hivi. Mbwa anayelishwa muhogo na mawese ananenepa mafuta na kukonda misuli kwa pamoja. Na maganda mabichi ya muhogo mchungu yasimfikie, yana sumu ya sianidi. Vichwa vya migebuka si vibaya, ila vichemshwe mpaka mfupa upondeke kwa vidole. Usipopondeka, mtupie paka wa jirani lawama na wewe tupa kichwa.

Kipimo cha unga: usiseme "kikombe" tu, maana vikombe vinatofautiana. Nenda na kikombe chako kwa muuza duka, apime gramu 90 juu ya mzani wake, piga alama ya kalamu pale unga unapofika. Baada ya hapo huhitaji mzani tena.

Anatakiwa apungue asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Kwa kilo 21 ni gramu 210 hadi 420. Kilo nne zitachukua wiki kumi hadi ishirini, tegemea wiki kumi na tatu. Mpime kila wiki mbili. Akizidi asilimia 2 kwa wiki, ongeza chakula kwa asilimia 10, vinginevyo atakuwa anakula misuli yake. Asiposhuka kwa wiki tatu nne, usikimbilie kumkata chakula. Uliza kwanza watoto wa nyumbani, mama lishe wa jirani, na jalala. Mara nyingi jibu liko hapo. Kama hapo pamefungwa, punguza asilimia 10.

Kibirizi_77

Mzee kwa hesabu zote hizo si bora aruke siku moja? Matokeo si ni yale yale?

MifugoIsevya (Tabora)

Si yale yale, ndugu yangu. Mbwa aliyelala njaa siku nzima akipewa sufuria kesho yake anameza bila kutafuna mpaka tumbo linajaa ghafla. Kwa mbwa wenye kifua kirefu kama mchanganyiko wa German Shepherd, tumbo lililojaa ghafla linaweza kujaa gesi na kujipinda. Utamwona anataka kutapika na hakitoki kitu, tumbo limekaza kama ngoma, anatoa mate. Hapo ni saa chache kati yake na kifo. Halafu mwenye njaa anatoka kutafuta, na mbwa wa ulinzi akiwa jalalani hamlindi mtu.

Na hilo la "akishiba analala": mnene ndiye anayelala, kwa sababu kila hatua anabeba kilo nne za ziada. Huko Marekani Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote kwa jozi. Mmoja wa jozi alilishwa robo pungufu ya mwenzake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Nusu ya waliolishwa zaidi walikuwa wamekufa kufikia miaka 11.2, nusu ya wenzao waliopunguziwa kufikia miaka 13, na maumivu ya viungo yaliwachelewa hao wembamba. Tena wale "wanene" hawakuwa wa kutisha, walikuwa wa kawaida tu wa kusifiwa na majirani kwamba wamependeza.

BiKaliua

Nimeitwa. Mwanangu MwanaGungu, usianze kwa kumwongezea jike chakula ukadhani umemaliza. Jike akinyonyesha anahitaji mara mbili hadi nne ya chakula chake cha kawaida kutegemea idadi ya watoto, kwa hiyo mbavu kuonekana watoto wanapoacha ziwa ni jambo linalotokea. Anatakiwa aanze kurudi ndani ya wiki chache. Lakini fizi kupauka hakuletwi na kunyonyesha peke yake. Hapo kuna kitu kinakula damu.

Fanya hivi leo mchana, kwenye mwanga wa jua: nyanyua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole mpaka iwe nyeupe, achia. Rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu sekunde mbili. Ikichelewa, au fizi ni nyeupe kama ndani ya ganda la yai, usisubiri Jumatatu.

Cha kwanza kushuku ni minyoo. Safura ya mbwa hunyonya damu utumboni, kinyesi kinaweza kuwa cheusi kama lami. Tegu hajifichi: utaona vipande kama punje za wali au mbegu za tango vimeganda manyoyani chini ya mkia, na huyo huletwa na viroboto, kwa hiyo ukitibu tegu ukaacha viroboto umefanya kazi bure. Vidonge vingi vya mbwa vya mchanganyiko vimetengenezwa kidonge kimoja kwa kilo 10, ndiyo maana tunasumbuana na mizani. Jike wa kilo 12 akipewa kidonge kimoja kwa kukisia "mbwa mdogo huyu", dozi haijatimia. Usitumie albendazo ya ng'ombe au ya watu. Kwa mbwa inaweza kuharibu uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa, na huyu tayari damu imepungua.

Watoto wake nao wapewe. Huanza wakiwa na wiki mbili, kisha kila wiki mbili mpaka wiki nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Mtoto mwenye tumbo kama mtungi na mbavu nje usimwite mnene, huyo ni minyoo.

Cha pili ni kupe. Papasa ndani ya masikio, kati ya vidole vya miguu, chini ya mkanda wa shingo. Homa za kupe zinakondesha taratibu, mkojo unaweza kuwa rangi ya chai ya rangi.

Cha tatu wenzetu wa mjini wanakisahau. Kama mbwa anafuatana na watu porini, warina asali, wakata mbao, wawindaji, huku kwetu Kaliua, Sikonge, Urambo, au misitu ya mkoa wenu, mbung'o wapo. Nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, inamkondesha mbwa huku anakula: homa inakuja na kuondoka, tezi chini ya taya zinavimba, jicho linaingia ukungu wa bluu. Ukiona jicho hilo kwa mbwa aliyekonda, ni kipimo cha damu kwenye darubini. TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, wana kituo Tabora. Wala usiazime sindano ya ng'ombe ukamchoma kwa kukadiria. Dawa ile kwa mbwa nafasi kati ya dozi na sumu ni ndogo, ikizidi inapanda kwenye ubongo.

Na pumba. Kama mnamlisha pumba au mahindi yaliyoota ukungu, acheni leo. Sumukuvu inaua ini la mbwa. Dalili zake huchanganya watu: mgongo unakonda, tumbo linajaa maji, macho yanakuwa manjano. Tumbo la maji ukiligonga upande mmoja kwa ncha za vidole, kiganja cha upande wa pili kinapokea wimbi. Mafuta hayatumi wimbi. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Akishatibiwa, ndipo chakula. Lengo lake ni kama kilo 14. Kwa kilo 12 kanuni ya MifugoIsevya inatoa 451; zidisha kwa 1.6 hadi 1.8, anza na kilokalori 720, ufike 800. Panda taratibu kwa siku tano hadi saba, ukimpa zote siku ya kwanza ataharisha. Kwake kijiko kimoja cha mawese ruksa, ila nguvu kubwa itoke kwenye dagaa na mayai, maana anatakiwa ajenge misuli. Mara tatu kwa siku kwa mwezi wa kwanza.

MwanaGungu

Mama shikamoo, nimekuelewa. Jike nampeleka kesho asubuhi. Fizi nimebonyeza, inachukua kama sekunde tatu.

Sasa la sufuria. Dume anamaliza chake halafu anamfukuza jike. Nikiwatenganisha jike anakula kidogo anaacha, dume anakuja kumalizia.

BiKaliua

Marahaba. Sekunde tatu usingoje kesho kama unaweza kumpata mganga leo. Mpigie.

FundiMizani_Ujiji

La sufuria ni rahisi, linataka kamba na saa tu. Bakuli mbili, pembe mbili za nyumba wasionane. Dume afungwe mpaka jike amalize. Jike mpe dakika ishirini, kikibaki kiondoe, mrudishie baada ya saa nne. Akijua mwenzake haji, ataacha kula kwa kuogopa na ataanza kula kwa njaa. Maji wachangie, chakula hapana. Bakuli la dume tia jiwe kubwa safi katikati, la kutoingia mdomoni, alambe kuzunguka, asimeze kwa pupa.

MifugoIsevya (Tabora)

Na embe zikianza kudondoka, huyo dume asifunguliwe chini ya mwembe. Huku Tabora kila msimu ni hadithi moja: mbwa anakula embe kumi kwa siku, sukari inarudisha kilo zote ulizotoa, na akiwa na tamaa kama ya wako anameza kokwa. Kokwa linakwama utumboni. Akianza kutapika kila anachokula na hapati choo, hapo tena si suala la mizani, ni kisu. Zoa zilizoanguka asubuhi kabla hujamfungua.

MwanaGungu

Mganga amepatikana, anakuja saa kumi. Kaniambia nimwekee kinyesi cha leo kwenye kopo safi lenye mfuniko, na nisimpe dawa yoyote kabla hajafika. Mwembe upo mmoja tu uani, nitauzungushia uzio. Dume kalala mbele ya bakuli tupu, ananitazama.